Bosi Alale Kitandani Mwake

Machi 8, Jumamosi
Mvua imeanza rasmi, na mimi nimekosa kazi rasmi. Karakana yetu ya kuchomelea haina paa, ina turubai tu, na umeme na maji hawajawahi kupatana. Mashine tumeifunika vizuri kama bibi harusi. Shemeji, mume wa dada yangu na ndiye tajiri wangu kazini, yuko ng'ambo ya mto anafunga vyuma vya paa la shule. Daraja limezama. Harudi mpaka mto ushuke.

Kwa hiyo nyumbani tuko wanne. Dada, aliyejifungua kwa kupasuliwa wiki mbili zilizopita na bado anatembea ameshika tumbo kama mtu aliyeficha kitu. Mama mzazi wa Shemeji, aliyekuja kumsaidia, ambaye namwita Jemedari (si mbele yake, naupenda uso wangu). Bosi, ndiye mtoto, binti, hana kazi wala meno lakini wote tunainuka akikohoa. Na mimi, Mdomo. Jina hilo nilipewa na walimu kabla hatujaachana kwa makubaliano ya upande mmoja, upande wao.

Wa mwisho wao alisema siwezi kujaza ukurasa bila kumsema mtu vibaya. Huu hapa ukurasa, mwalimu. Nitaujaza, na watu nitawasema vilevile.

Machi 9, Jumapili
Mvua. Bosi kalia. Mvua ikaacha, Bosi hakuacha.

Machi 11, Jumanne
Leo nieleze kitanda, maana hakijasifiwa inavyostahili. Nilikitengeneza mwenyewe kabla ya mvua, kwa mikono hii, Shemeji akaishia kushika tepu tu. Chuma kitupu. Kichwani kina maua mawili ya kukunja, yale ya mageti ya matajiri. Ubavuni kuna kimlango chenye komeo. Dada alipokiona alicheka mpaka mshono ukamuuma, akaniomba niondoke kwanza amalize kucheka polepole.

Jemedari alikizunguka mara mbili.
"Hiki ni kitanda," akauliza, "au kituo cha polisi?"
"Ni kitanda, mama. Kuna watu hapa nyumbani wanahitaji kukamatwa, lakini hawaenei."

Shida ni kwamba Bosi hakitaki. Kifuani mwa Jemedari analala fofofo, mdomo wazi, analowanisha khanga ya watu. Mgongo ukigusa godoro tu, macho pwaa, na kilio juu. Nadhani ana kengele mgongoni.

"Mtoto si mzigo wa kutua chini," anasema Jemedari. Anamnyanyua. Kimya. Ananitazama kama aliyeshinda kesi.

Machi 13, Alhamisi
Amekuja muuguzi wa kutembelea wazazi, viatu vya mpira hadi magotini. Akapima mtoto, akatazama mshono, akaridhika. Kisha akakiona kitanda changu. Nikavuta kiti nisikilize sifa.

Ndani ya kitanda Jemedari alikuwa amejaza mito mitatu na shali ya sufi. Muuguzi akavitoa kimoja kimoja, bila ugomvi, akampa mwenyewe avishike.
"Mama, hivi vinaweza kumfunika pua. Godoro gumu, shuka iliyobana, basi. Na alale chali."
"Chali atapaliwa."
"Hapaliwi, mama. Chali ndiyo salama kabisa. Kila usingizi, mchana na usiku."

Nikamtolea Jemedari jino. Sikupata nafasi ya kulirudisha. Muuguzi aliokota kopo tupu la soda dirishani, akalisukuma kati ya nondo mbili za kitanda changu. Likapita. Likaanguka sakafuni, likabingirika mpaka miguuni pangu, likasimama pale kunitazama.

"Hapa unapita mwili wa mtoto, kichwa kinabaki," akasema. "Nani alipima?"

Tulipima kiganja kimoja. Sisi hupima kiganja kimoja kila siku! Ndiyo nafasi ya grili za dirisha, mwizi hapiti hata akijipaka mafuta. Hakuna aliyetufundisha kwamba kuna mteja wa kuzuiwa ambaye ni mdogo kuliko mwizi.

"Ongeza nondo," akasema muuguzi. "Na rangi usipake, harufu yake si ya kulalia. Piga msasa tu."
Jemedari alikohoa kikohozi cha furaha.

Machi 14, Ijumaa
Mvua. Nondo ninazo, umeme upo, pakavu hapapo. Nimekaa mlangoni nikilitukana wingu.

Machi 16, Jumapili
Jua lilitoka likaniita kwa jina. Nikaburuta kitanda nje, nikaongeza nondo moja kila nafasi, nikapiga tupa, nikapiga msasa, nikapitisha shavu langu mwenyewe kila pembe. Jirani yetu kinyozi, ambaye ukuta wa duka lake ndio ukuta wa chumba cha Dada, alitoka na mkasi mkononi kuangalia.
"Mdomo, unamfungia simba?"
"Simba angelala zamani."

Kopo la soda sasa halipiti hata ulibembeleze. Nilifika ndani na kitanda kabla ya tone la kwanza. Bosi akalazwa. Bosi akalia. Sawa, angalau analia salama.

Machi 22, Jumamosi
Leo imesemwa wazi, na mimi nimejibu wazi, na sasa sote tumekwama.

Dada ni fundi cherehani. Kiti chake kwenye duka la kushonea alikipigania miaka, tangu anaokota vitambaa na kufagia, na sasa ndiye anayekata sare za shule. Mwenye duka alipita asubuhi na mwavuli, akasema kiti kinamngoja Dada mpaka mvua zikatike, si zaidi. Chumba cha nyuma anaweza kukitumia, aje na mtoto. "Lakini mtoto alale, fundi. Cherehani haiendeshwi na mkono mmoja."

Alipoondoka tu, Jemedari akaweka kikombe chini.
"Kiti, kiti. Mwanangu akirudi nawachukua wote wawili, mama na mtoto. Twende kwangu. Kule kuna mikono. Huyu mtoto hawezi kulala peke yake, mmeona wenyewe. Akikua, atarudi kushona."
"Akikua lini, mama?" Dada akauliza. Sauti ndogo sana. Dada yangu hana sauti ndogo. Alinilea kwa sauti kubwa.
"Mwaka. Miwili. Haraka ya nini?"

Dada akainama akamnyonyesha Bosi. Hapo nikaona nyumba hii imebakiwa na mdomo mmoja tu, nao ni mimi.

"Mama," nikasema, "tuwekeane dau. Bosi akilala kitandani mwake, mchana kweupe, alazwe akiwa macho na ashike usingizi mwenyewe, kabla mwanao hajavuka ule mto, Dada anabaki na kiti chake. Asipolala, nafungasha mimi. Narudi kwa baba nikalime."
"Wewe ukalime?" Alicheka mpaka akashika goti. "Jembe litakukimbia!"
"Ndiyo ujue nimekusudia."
"Haya. Wewe unayejua watoto kuliko sisi tuliozaa sita. Mkono huu hapa."

Tukashikana mikono. Mkono wake ni mgumu kuliko wangu, na mimi nashika chuma. Ukutani kinyozi akagonga mara mbili, maana yake amesikia na yeye ni shahidi.

Dada alisubiri Jemedari atoke ndipo akaniambia, "Mdogo wangu, umeniwekea dau bila kuniuliza."
"Ungekataa."
"Ningekataa." Akanivuta sikio. "Sasa usishindwe, mjinga wewe."

Machi 23, Jumapili
Nimeshindwa.

Machi 24, Jumatatu
Nimeshindwa kwa ustadi zaidi.

Machi 25, Jumanne
Dau linasema alazwe macho, lakini nataka kwanza akizoee kitanda. Ninavyofanya ni hivi: namsubiri azame kabisa kwenye usingizi mikononi mwangu, halafu natembea kwa vidole, nainama, namshusha kama anayerudisha kitu alichoiba. Anafungua jicho moja. Ananitambua. Basi.

Nilidhani ni ubaridi wa shuka. Nikaingiza kifua changu chote kitandani kwanza, niipashe joto. Jemedari akafungua mlango, akanikuta nimeinamia ndani, makalio juu.
"Na wewe unalazwa?"
Kinyozi alicheka upande wa pili bila hata kuona.

Machi 27, Alhamisi
Muuguzi kapita tena. Nimemweleza mbinu yangu. Akaniuliza, "Wewe ukilala kwako, ukaamka uko juu ya paa la jirani, utafanyaje?"
"Nitapiga kelele."
"Basi. Analala kifuani kwa mtu, anaamka kwenye chuma. Mlaze akiwa macho lakini amelegea. Ajue yuko wapi kabla ya kufumba. Akilia, mtulize. Mkono, sauti, hata mnyanyue. Kisha ujaribu tena. Na ikishindikana leo, imeshindikana leo, mbebe. Huyu ni mchanga sana, halazimishwi."

Jemedari alikuwa anakunja nepi. Nepi aliikunja ikawa ndogo kama stempu.

Machi 28, Ijumaa
Mvua. Nimejaribu, kalia, nimembeba. Dada amepauka. Usiku siuelezi humu, usiku kila mtu anaujua.

Aprili 2, Jumatano
Mwandiko uvumilieni leo.

Mchana mvua ilikuwa nzito, bati linaunguruma husikii mtu. Jemedari alikuwa jikoni. Mimi nilikuwa karakana natoa maji yaliyojaa juu ya turubai. Niliporudi nilipita sebuleni kuchukua kitambaa nijifute.

Dada alikuwa kwenye kochi amelala. Si kupitiwa, alikuwa amelala kama aliyeangushwa, kichwa nyuma, mdomo wazi. Mkono uliombeba Bosi ulikuwa umelegea. Na Bosi hakuwa kifuani. Alikuwa ameteleza, ameingia kwenye ufa kati ya mbavu za Dada na mto wa kochi, nikaona kisogo tu. Uso ulikuwa ndani ya kitambaa.

Sikumbuki kuvuka chumba. Nakumbuka nimemshika, mwekundu, mwenye joto, kimya, na kimya kile sikukipenda. Nikamgeuza. Nikampuliza usoni, nikamwita jina lake la kweli na lile la Bosi na mengine ya karakana. Akavuta pumzi. Akalia. Sijawahi kusikia kilio kizuri hivyo.

Dada akashtuka, akaona mikono yake mitupu. Sitaandika sauti aliyotoa.

Jemedari akaja mbio na mwiko. Nikamweleza. Akageuka kwa Dada, kidole juu.
"Si nilisema? Mama gani analala akiwa na mtoto mkononi? Si nilisema hapa hapamfai..."
"Mama, hapo hapo!" Nilipiga kelele. Kwa mama mkwe wa dada yangu, ndiyo, na nikiulizwa nitarudia. "Analala kwa sababu hajalala! Hakuna aliyelala humu tangu huyu azaliwe, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kumweka chini! Kochi ndilo lililotaka kumuua, si kitanda. Kitanda kipo pale, kitupu, kinajaa vumbi, na sisi tunapokezana kuanguka!"

Mvua ikajaza chumba. Nikangoja kofi. Kwa kweli nililitaka.

Jemedari alikaa chini, sakafuni kabisa, mwiko bado mkononi. Nikaona goti lake la kulia limevimba kama embe, ndilo analozungukia na Bosi usiku kucha kutoka dirishani hadi mlangoni. Mimi kila siku nilidhani anatembea kwa kiburi.
"Nikimweka chini," akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "naona kama namtupa."

Dada akaenda akakaa naye pale sakafuni, na Bosi katikati yao, wote watatu wakalia, na mimi nikaenda nje kuangalia mvua, maana iliniingia machoni.

Tulimpeleka kituo cha afya jioni hiyohiyo, miguuni matope tupu. Wakamsikiliza mapafu, wakasema mzima.

Aprili 3, Alhamisi
Jemedari ametoa amri: yeyote akisikia kope nzito, amwite mwingine au amlaze Bosi kitandani, alie asilie. Kochi limegeuzwa likatazama ukuta. Lakini dau liko palepale, amesisitiza. "Sijasema umeshinda. Nimesema sitaki mtu kwenye kochi."

Aprili 6, Jumapili
Jaribio. Ameshiba, amecheua, nepi kavu, macho yanaanza kulegea. Sikusubiri azame. Nikamshusha makalio kwanza, kisha mgongo, kichwa mwisho, mkono wangu ukabaki kifuani. Akakunja uso. Nikamsimulia jinsi ya kunyoosha nondo iliyopinda: unaipasha, unaigonga, halafu huitii maji, unaiacha ipoe yenyewe, ukiwa na papara inapasuka. Akasikiliza kama mwanafunzi mzuri, yaani hakuelewa na hakubisha. Nikatoa kidole kimoja. Kingine.
Kalia. Nikambeba.
Lakini kabla hajalia alifumba macho. Niliona. Nitaapa.

Aprili 9, Jumatano
Kalala! Kwa muda ambao kinyozi alinyoa kichwa kimoja, cha mtoto wa shule, tena kipara. Jemedari anasema hiyo haihesabiki kwa kuwa mkono wangu ulikuwa juu yake.
"Ulisema ashike usingizi mwenyewe. Huo mkono wa nani?"
"Wa mwenyewe, mama. Mwenyewe mimi."
"Toka hapa."

Aprili 10, Alhamisi
Kagoma.

Aprili 12, Jumamosi
Mvua imepungua. Kinyozi amepata habari kwa mteja: mto unashuka, nguzo za daraja zinaonekana. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu naomba mvua.

Aprili 15, Jumanne
Kwa mkono, analala. Bila mkono, analia. Nimebaki nimeinama pale mpaka mgongo ukaumbika kama ndoano. Nimeanza kukumbuka shamba la baba, mtaro wake, mbigili zake. Nimemwambia Bosi waziwazi: mjomba wako anakwenda kuliwa na jembe, na wewe umelala hapo na kidole changu. Akacheka. Dada anasema ni hewa tumboni. Mimi najua kicheko.

Jambo moja la ajabu. Nilimkuta Jemedari peke yake amesimama kando ya kitanda, Bosi ndani, macho wazi, hajalia. Wanatazamana. Aliponiona akamnyanyua haraka kama aliyefumaniwa.

Aprili 19, Jumamosi
Mto umevukika na Shemeji amerudi.

Aliingia mchana, matope hadi kiunoni, ndevu kama jini. Alimshika Bosi, akalia bila aibu, akambusu Dada mbele za watu, akanipiga bega likateguka kidogo. Tukala. Dada akaondoka mezani na Bosi kumnyonyesha. Hapo Jemedari akaleta kutoka chumbani mabegi mawili, kubwa lenye nguo za Dada na mtoto, na dogo lake. Akayaweka mlangoni.

"Gari linakuja saa kumi," akasema. "Baba, nachukua mkeo na mwanao."
Shemeji akanitazama mimi, akamtazama mama yake. "Kama umeona ni vyema, mama..."
"Shem!" Nikasimama, kiti kikaanguka. "Kama ameona? Wewe macho yako umeyaacha kwenye daraja? Muulize mkeo!"
"Mdomo, tuliza sauti."
"Siitulizi! Nimeituliza tangu lini? Anakwenda kupoteza kiti chake, na wewe unatafuna!"
"Tuliwekeana," Jemedari akasema, na yeye sauti juu. "Mkono kwa mkono. Mwanangu amevuka na mtoto hajalala. Kijana, ufungashe na wewe!"
"Nitafungasha! Lakini nitakwenda nikisema, njia nzima! Unamchukua kwa kuwa unaogopa kumweka chini, si kwa kuwa hawezi!"
"Unamwambia nani anaogopa?" Akapiga meza, vijiko vikaruka.
"Nakuambia wewe, mama! Kwa heshima zote!"
"Heshima hiyo umeiazima wapi?"
Shemeji akapiga meza na yeye, sijui upande wa nani. Kinyozi akagonga ukuta, safari hii akituomba tunyamaze, wateja wanasikiliza badala ya kuinamisha shingo.

Tukavuta pumzi wote watatu pamoja. Ndipo Jemedari akasema, "Mtoto yuko wapi?"

Nilidhani yuko kwa Dada. Shemeji alidhani hivyo. Lakini bafuni kulikuwa na maji yanamwagika na Dada anaimba, anaimba vibaya, kwa sauti yake ile kubwa ya zamani. Mtu haogi na mtoto mchanga mkononi.

Tulikimbia kochini. Kochi limetazama ukuta, tupu. Shemeji akafungua chumba.

Bosi alikuwa kitandani mwake. Chali, mikono juu kama aliyesalimu amri, shuka imebana, hakuna mto, hakuna mkono wa mtu. Tumbo linapanda, linashuka. Kelele zile zote, meza, vijiko, ukuta, yeye kalala.

Tukasimama mlangoni kama wezi watatu. Dada akatokea nyuma yetu, taulo kichwani, maji yanamchuruzika shingoni.
"Mnamtafuta nani?"
"Nani amemlaza?" Shemeji akanong'ona.
"Mimi. Alikuwa macho. Nikamwambia mama anakwenda kuoga, lala. Nikamgusa kidogo, nikatoka. Nyinyi mlikuwa mnagombana, sikutaka kuwakatiza."

Nakiri iliniuma. Wiki zote nimepinda mgongo, nimehubiri nondo, halafu ushindi anautwaa asiyekitengeneza kitanda... sawa, mwenye mtoto. Na alivyokuwa anatutazama, kidevu juu, maji yanadondoka sakafuni, ni wazi hakufanya vile kwa ajili ya dau langu. Dau alilisahau. Alitaka kuoga.

Jemedari aliingia peke yake. Aliinama juu ya zile nondo, mkono ukashuka, ukafika karibu na shavu. Ukakaa pale hewani, mkono mgumu kuliko wangu. Kisha akaurudisha, akaufuta kwenye khanga kana kwamba ulikuwa umelowa.

Alitoka akichechemea, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu mpaka mlango wa nje, palipo mabegi. Honi ya gari ikasikika barabarani.

"Nibebee hilo dogo," akamwambia mwanawe. "Kubwa lirudishe ndani."